Wati ngapi ni salama? Mota ya baiskeli ya umeme na nambari inayowachanganya watu Malindi

Ukipita siku hizi penye vivuli vya mafundi wa baiskeli Malindi, utasikia mjadala uleule. Mmoja ameleta gurudumu lenye mota, limeandikwa 500W. Mwenzake ana gurudumu la ukubwa uleule na uzito uleule, lakini lake limeandikwa 1000W. Wa tatu ana 250W, na ndiye anayewaacha wote nyuma kwenye Barabara ya Lamu. Kisha huulizwa swali ambalo kila mtu analijibu kivyake: shehe, wati ngapi ni salama?

Swali lina maana kubwa, kwa sababu baiskeli hizi hazinunuliwi kwa matembezi tu. Zinabeba samaki na barafu, mikate ya alfajiri, mitungi ya maji, madafu, na watoto wa shule. Mota ikiungua, mtu amepoteza kazi. Ekseli ikichomoka barabarani, anaweza kupoteza zaidi ya kazi. Na kibandiko kilicho kwenye mota hakitoshi kulijibu swali hilo.

Tuanze na maneno yenyewe. Mota inayozungumzwa hapa ni ile inayokaa katikati ya gurudumu, pale spoki zote zinapokutana. Tuiite mota ya kitovu. Ekseli yake haizunguki, imebanwa kwa nati kwenye foki ya mbele au kwenye fremu ya nyuma. Kinachozunguka ni ganda la nje pamoja na gurudumu zima. Kontrola ni kile kiboksi cha alumini chenye nyaya nyingi, kinachopokea umeme wa betri na kuugawia mota. Volti ni msukumo wa umeme, nayo ndiyo inayoamua mota inaweza kuzunguka kasi gani. Ampea ni wingi wa umeme unaopita, nazo ndizo zinazoamua mota itasukuma kwa nguvu kiasi gani. Wati ni volti mara ampea.

Hesabu hiyo ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1895 Mmarekani aitwaye Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma. Betri yake ilikuwa ya volti 10, na mota iliweza kuvuta hadi ampea 100. Zidisha: wati 1,000. Leo nguvu hiyohiyo inapatikana kwa betri ya volti 48 na ampea 21 hivi. Wati ni zilezile, ila njia ya kuzifikia ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo inabadilisha unene wa nyaya na joto linalozaliwa humo ndani.

Kibandiko kinasema nini hasa?

Wati zinazoandikwa kwenye mota kwa kawaida ni wati za kuendelea, yaani kiasi ambacho mota inaweza kutoa kwa muda mrefu bila joto lake kupita kiwango. Hamali wa mkokoteni anaweza kuupandisha mzigo mzito kwenye kingo ya barabara kwa pumzi moja. Ukimtaka aendelee kwa nguvu ileile hadi adhuhuri, ataanguka. Mota nayo ina nguvu mbili: ya pumzi moja na ya kutwa. Kibandiko kinataja ya kutwa. Muuzaji mara nyingi anataja ya pumzi moja, kwa sababu ndiyo kubwa. Ndivyo mota moja inavyoitwa ya 500 na huyu na ya 1000 na yule, na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Kuna jambo jingine. Mara nyingi nambari hiyo imetokana na sheria za nchi ambako mota inakusudiwa kuuzwa. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli ya kawaida ikiwa mota yake ina wati 250 za kuendelea na inaacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa. Uingereza nayo iko papo hapo. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2002, imeweka mpaka chini ya wati 750 na mwendo wa maili 20, sawa na kilomita 32 kwa saa. China, kunakotengenezwa sehemu kubwa ya mota hizi, ilitoa kanuni ya mwaka 2018 iliyokuwa na mpaka wa wati 400, kilomita 25 kwa saa, na uzito wote usiozidi kilo 55. Kwa hiyo mota inayokusudiwa Ulaya inabandikwa 250W, hata kama kwenye mlima inaweza kutoa mara mbili ya hapo kwa muda mfupi. Ni halali kabisa, maana sheria ilitaja wati za kuendelea. Huyo jamaa wa 250W anayewaacha wenziwe hana uchawi wowote.

Anayeamua ni kontrola

Kama unataka kujua baiskeli yako inavuta wati ngapi kweli, acha mota, tazama kontrola. Ubavuni mwake kuna maandishi: labda 36V 15A, labda 48V 22A. Zile ampea ndizo nyingi kabisa ambazo itaruhusu zitoke kwenye betri. Zizidishe kwa volti za betri, utapata wati zinazoingia.

Hapo napo pana kona. Betri inayoitwa ya volti 48 kwa kawaida ina seli 13 zilizofuatana, na ikijaa inafika volti 54.6. Ikikaribia kuisha inashuka hadi 40 na kitu. Kontrola ya ampea 20 kwenye betri iliyojaa itakupa takriban wati 1,090. Jioni betri ikiwa imechoka, kontrola hiyohiyo inakupa kama 840. Ndiyo maana baiskeli hukimbia asubuhi na kulegea magharibi, na watu wakaamini mota imezeeka kwa siku moja.

Sasa niseme juu ya hila moja inayoniudhi, kwa kuwa inaharibu mali za watu. Ndani ya kontrola kuna kipande kifupi cha waya mnene, kimechomewa kwenye bodi kama daraja. Kazi yake ni kupima ampea zinazopita. Wapo wanaokifungua kiboksi na kukimiminia risasi ya kulehemu kipande hicho, kukinenepesha. Kipimo kinapumbazwa, kontrola inadhani inapitisha ampea 20 kumbe inapitisha 30 au zaidi. Baiskeli inaruka kweli, mteja anafurahi, analipa. Lakini hakuna kilichoongezwa uwezo. Mota ni ileile, nyaya ni zilezile, betri ni ileile, na mlinzi aliyekuwa akizichunga zote amefumbwa macho. Ukishajua jambo hili, muulize fundi wako waziwazi kabla hajafungua.

Mpaka wenyewe ni joto

Mota haijui kibandiko chake kimeandikwa nini. Inachojua ni joto. Umeme unaoingia hautoki wote kuwa mwendo. Mota nzuri ikizunguka kwa kasi inayoifaa hugeuza asilimia 80 hivi kuwa nguvu ya kusukuma, zinazobaki zinakuwa joto ndani ya nyaya za shaba na vyuma vyake. Na joto la shaba linakwenda kwa mraba wa ampea: ampea zikiwa mara mbili, joto ni mara nne.

Watu wengi husema, Malindi hakuna milima, mota haiwezi kuungua. Kauli hii inasahau mchanga. Tuchukue mfano. Unakwenda kilomita 25 kwa saa kwenye lami, mota inavuta wati 400, na 80 kati ya hizo zinakuwa joto. Hilo ganda la alumini linaweza kulitoa joto hilo taratibu bila taabu. Sasa uingie njia ya mchanga mlaini, una mzigo wa samaki nyuma, gurudumu linazama, mwendo umeshuka hadi kilomita 6 kwa saa, nawe umekaza aksileta hadi mwisho. Kontrola inatoa wati 960. Katika mwendo huo mdogo, mota inaweza kugeuza chini ya nusu kuwa mwendo. Zaidi ya wati 500 zinabaki ndani kama joto.

Wati 500 za joto ndani ya kilo mbili hivi za chuma na shaba zinapandisha joto karibu digrii 30 kila dakika, kwa hesabu ya kawaida ya fizikia. Mota iliyokuwa imeanza na digrii 40 kwa kuanikwa juani inapita 120 kabla dakika ya tatu haijaisha. Wewe juu ya kiti unaona tu kwamba unakwenda polepole. Hudhani kuna hatari, maana hatari tumezoea kuihusisha na mbio.

Ubaya wa mwendo mdogo unazidishwa na tabia ya kontrola yenyewe. Gurudumu likizunguka polepole, kontrola inashusha volti na kupandisha ampea zinazoingia ndani ya mota, kiasi kwamba kwenye betri zinatoka ampea 20 lakini ndani ya koili, yaani zile nyaya za shaba zilizosukwa ndani ya mota, zinapita nyingi zaidi. Na gurudumu likikwama kabisa nawe hujaachia, kila wati inayoingia mle ni joto tupu.

Kinachoungua ni nini? Kwanza ni ile varnishi inayozifunika nyaya za shaba zisigusane. Zipo za madaraja tofauti: daraja B linavumilia digrii 130, F digrii 155, H digrii 180. Pili ni sumaku. Sumaku za neodimi za daraja la chini zikipita digrii 80 huanza kupoteza nguvu isirudi tena. Za madaraja ya juu zinavumilia 120 au 150. Mota iliyopata msiba huu haifi, inadhoofika: inavuta ampea nyingi, inasukuma kidogo, inapata joto upesi kuliko zamani. Tatu, kwa mota zenye gia ndani, ni yale meno ya nailoni. Yakipata joto hulainika, na mzigo ukiwa mzito hukatika. Ukisikia mota inazunguka kwa kelele lakini gurudumu halisogei, mara nyingi ni hayo meno, au klachi yake.

Hapa ndipo ujue mota yako ni ya aina gani. Ya gia ni ndogo kwa kipenyo, nyepesi, na ukiizungusha kwa mkono kuelekea mbele inakwenda bure. Inasukuma vizuri mwanzoni na mchangani, lakini kiini chake kinaelea ndani ya ganda, kimezungukwa na hewa, kwa hiyo joto halina njia nzuri ya kutoka. Unaweza kuligusa ganda ukaliona vuguvugu ilhali ndani kunachemka. Ya moja kwa moja, isiyo na gia, ni pana kama sinia, nzito, na ukiizungusha unahisi sumaku zikishikashika. Hiyo ina chuma kingi cha kumeza joto, na haina meno ya kukatika, ila kwa mwendo mdogo wenye mzigo inavuta ampea bila huruma. Zote mbili zikiwa zimeandikwa 500W, ya kwanza itakufaa zaidi njia za vichochoroni zenye kusimama na kuondoka, ya pili itakufaa lami ndefu ya kwenda Gede au Watamu.

Dawa ya joto ni rahisi kuliko watu wanavyotaka kuamini: piga pedali. Mtu mzima mwenye afya anaweza kutoa wati 100 kwa muda mrefu, na zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Wati 100 zako kwenye mchanga zinaiondolea mota mzigo pale pale inapoumia zaidi. Ukiona mwendo umeshuka chini ya kilomita 10 kwa saa na pedali hazitoshi, shuka usukume hatua chache. Mchuuzi wa samaki aliyezoea baiskeli ya kawaida hufanya hivyo siku zote bila kuambiwa. Akishapata umeme ndipo anaacha.

Na tafadhali, ganda la mota lisitobolewe matundu ili lipoe. Ushauri huo upo, na penye hewa kavu unaweza kuwa na mantiki. Kwetu upepo unatoka baharini na umebeba chumvi. Mota iliyotobolewa inapitisha hewa hiyo, na mchanga, na maji ya mvua za masika, moja kwa moja hadi kwenye sumaku na mabamba ya chuma. Kutu ikianza kuvimba kati ya sumaku na koili, ule mwanya mwembamba wa chini ya milimita moja unajaa, vitu vinasuguana, na hapo hakuna cha kupoza tena.

Upepo wa kusi na gharama ya mbio

Wapo wanaodhani mota kubwa inakula betri mara mbili ya mota ndogo. La. Betri inaliwa na kazi. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 100, kwenye lami tambarare bila upepo, kilomita 25 kwa saa zinahitaji wati 190 hivi kwenye gurudumu, iwe mota ni ya 250 au ya 1000. Ukienda kilomita 35 zinahitajika kama 430. Ukienda 45 zinapita 800. Ongezeko hilo la kutisha ni hewa: nguvu ya kuipasua hupanda kwa mchemraba wa mwendo. Kwa hiyo mota ya wati 1,000 inakula betri kwa sababu mwenyewe anaikimbiza, na aghalabu mtu akipewa mbio atazitumia.

Msimu wa kusi hesabu hubadilika hata bila mbio. Ukiwa unaelekea Watamu na upepo wa kilomita 20 kwa saa unakupiga kifuani, zile kilomita 25 zako zinagharimu karibu wati 460 badala ya 190. Mota ya wati 250 ukiilazimisha ishike mwendo uleule nusu saa nzima, unaivunja taratibu. Punguza hadi kilomita 15, nayo itakufikisha.

Mbio zina upande mwingine, nao ni kusimama. Mwendo ukipanda mara mbili, nguvu ya kuzimwa na breki inapanda mara nne. Kwa breki nzuri na lami kavu, kutoka kilomita 25 unaweza kusimama ndani ya mita 6 hivi, kutoka 45 unahitaji karibu mita 20, mbali na zile zinazopita kabla mkono haujashika breki. Baiskeli nyingi zinazofungwa mota hapa ni zile za chuma za mtindo wa blackmamba, zenye breki za fimbo zinazovutwa kwenda juu kugusa rimu. Rimu ya chuma ikilowa, breki hizo zinateleza tu. Wati 1,000 juu ya breki za fimbo ni jambo ambalo nisingemruhusu ndugu yangu alipande, na silisemi kwa kumtisha mtu.

Ekseli: kipande kidogo kinachosahaulika

Katika yote, hili ndilo ningependa kila fundi alisimamie. Ekseli ya mota ya kitovu imechongwa bapa pande mbili, bapa hadi bapa ikiwa milimita 10 hivi, ili iingie kwenye mdomo wa foki na isizunguke. Mota inapolisukuma gurudumu mbele, ekseli nayo inasukumwa kuzunguka nyuma kwa nguvu ileile. Msokoto wa nyutoni-mita 40, ambao ni wa kawaida kwa mota hizi, ukigawanywa juu ya sehemu hiyo ya milimita 10 na ushei, unaleta msukumo unaozidi uzito wa kilo 300 kwenye kuta za mdomo wa foki. Kila unapoondoka. Kila siku.

Foki ya chuma itapinda kidogo kwanza, utaona nati zimelegea au ekseli imekaa upande. Foki ya alumini, hasa zile zenye springi, inaweza kupasuka bila kuaga. Ekseli ikizunguka, inakata nyaya zake yenyewe kwa sababu nyaya zinapita ndani yake. Kisha gurudumu linatoka. Gurudumu la mbele likitoka ukiwa kwenye mteremko wa kuingia daraja la Sabaki, wati zilizoandikwa hazitakusaidia.

Kinga ni mkono wa chuma wenye tundu linaloishika ekseli barabara, ncha yake ya pili ikafungwa kwenye mguu wa foki au fremu. Fundi wa kuchomelea anaweza kuutengeneza kwa bamba la chuma la milimita 5 au 6, mradi tundu libane kabisa bila kucheza. Kwa mota ya mbele usiukose hata kama ni 250W. Ikifika 500W na kuendelea weka pande zote mbili. Na kama mota yako ina breki ya umeme inayorudisha chaji kwenye betri, msokoto unageuka kwenda mbele na nyuma, nati zinalegezwa pole pole. Zikazwe upya baada ya siku chache za kwanza, kisha ziangaliwe kila wiki.

Betri nayo ina mpaka wake

Ampea za kontrola lazima ziwe chini ya ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa kuendelea. Nambari hiyo ni tofauti na zile Ah, yaani ampea-saa, zinazotangazwa. Ah ni akiba. Ampea za kutoa ni uwezo wa kuitoa akiba hiyo. Betri ya 10Ah iliyoundwa kwa seli za bei nafuu inaweza kuwa salama kwa ampea 15 tu. Ukiifunga kontrola ya 30, seli zinapata joto, na bodi ya ulinzi iliyo ndani, ile inayoitwa BMS, inakata umeme. Watu husema betri mbovu. Mara nyingi betri imefanya kazi yake. Kosa kubwa ni kumpa mtu aiondoe bodi hiyo au aipitie pembeni kwa waya ili isikate tena. New York, moto wa betri za lithiamu uliua watu 18 mwaka 2023, na mji ukapiga marufuku kuuzwa kwa baiskeli za umeme zisizopimwa usalama wake.

Chaja nayo isichanganywe. Chaja ya lithiamu ya volti 48 inaishia 54.6. Chaja ya betri za asidi, ambayo nayo huandikwa 48V, inaweza kufika 58 au 59. Plagi zikifanana, mtu anachomeka. Usichomeke. Na usichaji usiku ndani ya chumba mnacholala, wala mlangoni penye njia pekee ya kutokea.

Basi wati ngapi?

Kwa baiskeli ya chuma ya kawaida yenye breki za rimu, mtu mmoja na mzigo mdogo, ningesimama kwenye mota ya 250 hadi 350 za kuendelea, kontrola isiyozidi ampea 15, na mwendo wa kilomita 25. Hapo kila kitu kwenye baiskeli kinalingana na kingine, kuanzia spoki hadi breki. Kwa mwenye kubeba kilo 50 au 60 kila siku, mota ya gia ya wati 500 gurudumu la nyuma, volti 48, kontrola ya ampea 18 hadi 20, mikono ya ekseli pande mbili, na angalau breki ya diski mbele. Ya wati 750 hadi 1,000 ikae kwenye fremu iliyoundwa kwa ajili yake, yenye breki za diski magurudumu yote mawili. Kupita hapo umeshatengeneza pikipiki, nayo inahitaji fremu ya pikipiki, tairi za pikipiki, na kofia ya pikipiki.

Kama una nafasi ya kuongeza kitu kimoja tu, mwambie fundi aweke kihisi joto ndani ya mota, kibandikwe kwenye koili na kiunganishwe na kontrola yenye uwezo wa kukisoma, ipunguze nguvu kuanzia digrii 100 na kukata ikifika 120. Mota nyingine huja nacho tayari, waya wake mmoja mwembamba wa ziada ukiwa umeachwa bila kuunganishwa.

Usipokuwa nacho, tumia kiganja na pua. Simama kila baada ya kipande kigumu cha njia, weka kiganja kwenye ganda. Ukishindwa kukiacha hapo kwa sekunde tano, ganda limefika digrii 60 hivi, na ndani ni zaidi sana. Isubiri ipoe kivulini, nusu saa si nyingi. Ukinusa harufu kama ya rangi inayoungua, varnishi imeshaanza kuondoka. Usiwashe tena hadi nyumbani. Kisha, betri ikiwa imetolewa, zichomoe zile nyaya tatu nene za mota kutoka kwenye kontrola, zitenganishe ncha zake, ulizungushe gurudumu kwa mkono: nyuma kama ni mota ya gia, upande wowote kama ni ya moja kwa moja. Ikiwa linakataa kwa vipindi kuliko kawaida yake, linakwama na kuachia, linakwama na kuachia, nyaya za ndani zimeshagusana na koili inahitaji kusukwa upya.